Kipepeo wa Mlimau Wetu



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili hatutawapeleka mbali. Tutasimama nyuma ya nyumba ya mapadre, penye mlimau uliopandwa na mmoja wa waliotutangulia katika parokia hii, na tutamtazama mdudu. Msomaji asidhani kwamba tumeishiwa na maneno ya Injili. Tuna deni la kulipa. Katika Kwaresima ya mwaka 2025 tulimpa ndugu mmoja shauri baya, tukiamini kwamba ni shauri jema, na kiumbe huyu mdogo alitusaidia kuliona kosa letu.

Ndugu huyo alikuwa zamani mweka hazina wa kigango. Fedha za ujenzi zilipotea mikononi mwake, pombe ikamaliza kilichosalia, naye akaondoka bila kuaga. Mambo haya yalijulikana na watu wote, hivyo hatutoi siri yoyote ya kitubio. Na yeye mwenyewe ameturuhusu kuyaandika, mradi jina lake lisitajwe. Baada ya miaka kadhaa alirudi, akaacha ulevi, akalipa fedha zile kidogo kidogo mbele ya halmashauri hadi deni likaisha. Siku chache baada ya Jumatano ya Majivu alikuja ofisini na ombi moja: aruhusiwe kuzungumza na vijana wa Jumuiya yake juu ya kuanguka kwake.

Tulimkatalia. Tulimwambia kwa upole, kama tulivyodhani, “Ndugu yetu, yaliyopita si ndwele. Umesamehewa. Usiyataje tena.” Akainamisha kichwa, kisha akasema, “Baba Paroko, nikiyasahau, ni nani atakayenikinga nisiyarudie?” Hatukuwa na jibu, na kwa kuwa hatukuwa na jibu tulirudia methali ile ile kwa sauti kubwa zaidi. Aliondoka. Dominika mbili zilizofuata hatukumwona kanisani.

Ni katika siku hizo mzee anayetutunzia bustani alipotujia akilalamika. Mvua za kwanza za masika zilikuwa zimenyesha na mlimau ulikuwa umechipua majani mapya, laini na ya kung’aa. “Baba,” akasema, “viwavi wameuvamia mlimau. Nipatie hela ya dawa nikapulize leo hii.” Tulikuwa tumekwisha kuingiza mkono mfukoni. Lakini watoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza walikuwa wamesimama pale, na binti mmoja akauliza, “Baba, hawa watakuwa nini?” Tukamjibu kwamba watakuwa vipepeo. Akauliza tena, “Sasa kwa nini tunawaua?” Mzee alicheka, sisi pia tukacheka, na mkono ukatoka mfukoni mtupu. Tulikubaliana kwamba mti mkubwa kama ule hauwezi kuangamizwa na viwavi wachache. Miche michanga kitaluni ndiyo inayoweza kuharibiwa kweli. Mzee aliondoa viwavi wengi kwa mkono, akaacha tawi moja la chini, ambalo lilikuwa na mayai matatu ambayo hayajaanguliwa. Tawi hilo likawa darasa letu.

Sisi tunaoishi chini ya milima ya Usambara, katika nchi ya michungwa, michenza na milimau, tunamwona kipepeo huyu kila mwaka bila kumtazama. Wataalamu humwita Papilio demodocus. Ni mkubwa: mabawa yake yakitandazwa hufikia sentimita 10 hadi 13 kutoka ncha hadi ncha, na jike kwa kawaida humzidi dume. Rangi yake ya msingi ni nyeusi inayoelekea kahawia, na juu yake yametapakaa madoa mengi ya manjano hafifu, makubwa kwa madogo. Kwenye bawa la nyuma, upande wa ndani karibu na kiwiliwili, lipo doa lenye umbo la jicho, lenye rangi nyekundu na buluu. Jamaa zake wengi wana mikia miwili kwenye mabawa ya nyuma kama mkia wa mbayuwayu, yeye hana.

Makao yake ni karibu Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara, pamoja na kusini mwa Bara Arabu. Hapendelei msitu mnene. Utamkuta savana, pembezoni mwa mashamba, bustanini, hata katikati ya mji palipo na mti mmoja wa ndimu. Michungwa na milimau asili yake ni Asia. Kabla haijafika kwetu, kipepeo huyu aliwalea watoto wake juu ya mimea ya mwituni ya jamii hiyo hiyo, na hadi leo huitumia. Wageni walipoletwa na kupandwa, aliwatambua kuwa ni ndugu wa miti yake ya kale, akahamia kwao.

Jinsi anavyowatambua ni jambo la kustaajabisha. Jike anapotafuta mahali pa kutaga hutua juu ya jani na kuligongagonga kwa miguu ya mbele, kwa kuwa katika miguu hiyo amewekewa uwezo wa kuonja. Jani lisilofaa huliacha. Likifaa, hutaga yai moja tu, duara, la manjano hafifu, dogo kuliko punje ya mtama, kisha huruka kwenda jani jingine. Hayaweki mayai yake yote mahali pamoja.

Tawi letu lilikuwa na mayai matatu. Baada ya siku chache yalibadilika rangi na kuwa meusi meusi, kisha viwavi wakatoka, na chakula chao cha kwanza kilikuwa maganda ya mayai yao wenyewe. Watoto walipowaona walikunja nyuso. Kiwavi mchanga wa kipepeo huyu ana rangi nyeusi na kahawia yenye baka jeupe katikati, na kwa kweli hafanani na kitu chochote isipokuwa mavi ya ndege. Huo ndio usalama wake. Ndege anayewinda hupita akiona uchafu juu ya jani, wala hasimami kuuchunguza.

Kiwavi hana kazi nyingine ila kula na kukua. Ngozi yake hainyooki kadiri mwili unavyokua, hivyo huivua mara nne, na kila mara hutoka na ngozi pana zaidi. Avuapo ngozi mara ya nne, mavazi hubadilika kabisa: anakuwa wa kijani kama jani, mwenye mikanda ya kahawia na nyeupe ubavuni, na mnene kama kidole cha mtoto. Tulimgusa mmoja kwa kijiti. Ghafla nyuma ya kichwa chake zikachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zilizoungana kama herufi Y, na harufu kali ikatupanda puani. Watoto walirudi nyuma wakipiga kelele, na binti yule wa swali la kwanza akasema, “Kumbe naye ana hasira!” Tukamweleza kwamba hiyo ndiyo silaha yake dhidi ya sisimizi na wadudu wengine wanaomshambulia.

Silaha hiyo haitoshi daima. Asubuhi moja viwavi walikuwa wamebaki wawili, na maji-moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, walikuwa wakipanda na kushuka kwenye tawi. Hatukuwaficha watoto ukweli huo. Kati ya mayai mengi anayotaga jike mmoja, ni machache tu yanayofikia kuruka.

Juma Kuu lilipoanza, viwavi wetu wawili waliacha kula. Walitangatanga juu ya tawi kwa saa nyingi, kisha kila mmoja akajichagulia mahali. Alifuma kitako kidogo cha hariri na kukishika kwa ncha ya mwili wake, akajizungushia uzi mmoja mwembamba kiunoni kama mkwezi na kamba yake, akaegemea nyuma, akatulia. Jumanne Kuu, tarehe 15 Aprili, ngozi ya mwisho ilipasuka, na ndani yake hakukuwa tena na kiwavi wala hakukuwa bado na kipepeo, bali pupa: kitu kigumu, kisicho na mdomo wala miguu. Mmoja alikuwa wa kijani, kwa kuwa alikuwa kati ya majani; mwingine, aliyejifunga kwenye kijiti kikavu, alikuwa wa kahawia kama kijiti.

Tunakiri kwamba tulikwisha kuandaa mahubiri. Tulihesabu siku na kutamani kipepeo atoke asubuhi ya Pasaka, tumwonyeshe kwa waamini, na tuseme maneno mazuri. Pasaka iliangukia tarehe 20 Aprili. Tulikwenda mlimauni baada ya Misa ya alfajiri, tukakuta pupa wamefungwa kama walivyokuwa. Kesho yake, Jumatatu ya Pasaka, habari za kifo cha Baba Mtakatifu Fransisko zilitufikia, na katika huzuni ile tulikumbuka waraka wake wa mwaka 2015, Laudato Si’, alimofundisha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu hata kabla ya kuulizwa kina faida gani kwetu. Tulitoka tena kutazama. Bado walikuwa wamefungwa.

Tukiwa katika kungoja huko, tulijipa kazi ya kusoma nini hutokea ndani ya pupa. Tulikuwa tumezoea kusema katika mahubiri yetu ya Pasaka kwamba kiwavi hufa na kipepeo huzaliwa, kana kwamba wa kwanza hutupwa na wa pili huletwa kutoka mahali pengine. Sivyo. Ndani ya kiwavi, tangu alipokuwa mdogo akifanana na uchafu, vimo vifungu vidogo vya chembe hai ambavyo vimetengwa kwa ajili ya mabawa, macho, vipapasio na miguu ya kipepeo. Kiwavi huvibeba vikiwa vimelala. Wakati wa pupa, sehemu kubwa ya misuli na utumbo wake huvunjwavunjwa, na kile kilichovunjwa huwa chakula cha kuvijenga vile vilivyolala. Lakini si kila kitu huvunjwa. Mfumo wa neva hupangwa upya, wala haufutwi wote.

Ndipo tulipokutana na jambo lililotunyima usingizi. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, nchini Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya kwa viwavi wa aina ya nondo anayekula tumbaku. Waliwanusisha viwavi harufu fulani huku wakiwagusa kwa mshtuko mdogo wa umeme, hadi wakajifunza kuikimbia harufu hiyo. Kisha wakawaacha wawe pupa na watoke nondo wenye mabawa. Wengi wa nondo wale, ambao hawakuwahi kuguswa na umeme tangu wapate mabawa, waliikimbia harufu ile ile. Waliofundishwa wakiwa wakubwa, karibu na kuwa pupa, ndio waliokumbuka. Waliofundishwa wakiwa wachanga zaidi hawakuonyesha kukumbuka. Nondo si kipepeo wa mlimau, nasi hatutaki kulipanua jaribio kupita mipaka yake. Lakini lilitosha kutushtaki. Mwenye mabawa alikuwa ni yule yule aliyetambaa, na maumivu aliyoyapata akitambaa sasa yalimlinda akiruka.

Tulimkumbuka ndugu yetu na swali lake: ni nani atakayenikinga?

Tarehe 27 Aprili, Dominika ya Huruma ya Mungu, Injili ilikuwa ya Mtume Tomaso. Tumeisoma mara nyingi, lakini siku hiyo tuliisoma kama watu waliopigwa kofi. Bwana amefufuka, mwili wake umetukuzwa, milango iliyofungwa haimzuii; hata hivyo, alama za misumari bado zipo. Hakuziona kuwa aibu ya kufichwa. Alizionyesha.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 3 Mei, mzee wa bustani alitugongea mlango kabla ya kifungua kinywa. Pupa wa kijani alikuwa amepasuka mgongoni. Kipepeo alining’inia kwenye ganda lake tupu, mabawa yake yakiwa madogo, yamekunjamana na kulowa kama kitambaa kilichokamuliwa. Tulisimama kimya. Taratibu alisukuma majimaji ya mwilini mwake kuyapeleka katika mishipa ya mabawa, na mabawa yakatanuka mbele ya macho yetu, doa la manjano moja baada ya jingine. Alidondosha tone la majimaji, mabaki ya kazi ya ndani ya pupa. Mrija wake wa kunyonyea maua ulitoka ukiwa vipande viwili, naye akavikunja na kuvikunjua hadi vikaungana kuwa mrija mmoja. Ilichukua muda mrefu kabla ya mabawa kukauka na kukakamaa. Kisha akaruka juu ya paa la kanisa bila kutuaga.

Pupa wa kahawia hakutoa kipepeo. Siku chache baadaye tulikuta tundu dogo ubavuni mwake, na nyigu wadogo sana wakitoka. Mama yao alitaga ndani yake, na watoto walimla. Binti wa mafundisho aliuliza, “Baba, na huyu atafufuka?” Tulimwambia ukweli: kwamba hata yule aliyeruka ataishi majuma machache tu kisha afe, kwamba kipepeo si ufufuko bali ni mfano wake, na kwamba mifano yote huchoka kabla ya kufika alipo Kristo. Alifikiri, akasema, “Lakini Mungu anamjua.” Hatukuwa na la kuongeza.

Kesho yake ilikuwa Dominika ya Tatu ya Pasaka. Katika Mwaka C Mama Kanisa hutusomea sura ya 21 ya Injili ya Yohane. Bwana mfufuka yupo ufukoni, amewasha moto wa makaa. Katika Injili hiyo moto wa makaa unatajwa mara mbili tu: hapo, na katika ua wa Kuhani Mkuu, Petro alipokuwa akiota moto na kumkana Bwana mara tatu. Basi Bwana hakumwambia Petro kwamba yaliyopita si ndwele. Alimrudisha kwenye moto ule ule, akamwuliza mara tatu, hadi Petro akahuzunika. Na ni hapo, penye kidonda chenyewe, alipomkabidhi kondoo wake. Petro aliyepewa kundi ni yule yule aliyekana, naye alijua vizuri jogoo anavyowika.

Hatukumaliza mahubiri yale kama tulivyoyaandika. Tuliwaambia waamini kwamba tumekosa, pasipo kumtaja mtu. Jioni tulikwenda nyumbani kwa ndugu yetu. Alitukaribisha, akatuwekea kiti nje, chini ya mwembe. Tulimwomba msamaha. Tulimwambia kwamba tulichanganya kusamehe na kufuta, na kwamba haraka yetu ya kunyamazisha habari zake ilitoka zaidi katika aibu ya parokia kuliko katika upendo. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, “Sikukasirika, Baba. Niliogopa tu.” Hakusema zaidi, na hatukumwuliza aliogopa nini. Tulijua.

Alizungumza na vijana kabla ya Pentekoste. Hakuhubiri. Aliwaeleza jinsi shilingi ya kwanza ilivyotoka kwenye kisanduku, na jinsi alivyojiambia kwamba atairudisha Jumatatu. Kijana mmoja aliyekuwa ameshika fedha za kwaya alibaki naye baada ya wote kuondoka. Waliyozungumza ni yao.

Hatuwezi kuwaahidi kwamba ndugu yetu hataanguka tena. Pupa wa kahawia alitufundisha kutosema hivyo. Wala hatusemi kwamba kila dhambi itangazwe barazani. Zipo siri ambazo ni za Mungu na mwenye toba peke yao, na kanuni ya kitubio haina mjadala. Tunasema tu kwamba neema haimtupi mtu aliyekuwapo na kutuletea mwingine. Humchukua yule yule, pamoja na miaka yake ya kutambaa, na kilichovunjika ndani yake hukifanya chakula cha mabawa. Mtakatifu Teresa wa Avila, katika kitabu alichokiandika mwaka 1577 kuhusu roho kama kasri lenye makao saba, alitumia mfano wa kiwavi wa hariri anayejifungia na kutoka akiwa kipepeo mweupe. Mfano huo ni wa kale kuliko mlimau wetu. Sisi tumechelewa tu kuuelewa.

Na jina la kipepeo wetu? Demodocus alikuwa mwimbaji kipofu katika utenzi wa kale wa Wayunani juu ya safari za Odysseus. Alipoimba juu ya vita vilivyopita, mgeni aliyekaa karamuni alijifunika uso akalia, kwa kuwa wimbo ule ulikuwa habari zake mwenyewe. Na baada ya kulia huko ndipo alipotaja jina lake na kusimulia njia yote aliyopitia.

Wapendwa, juma hili tujiulize: Je, yupo katika Jumuiya yetu mtu tuliyemsamehe kwa sharti kwamba anyamaze? Je, sisi wenyewe tunalo jambo tulilolizika ambalo Bwana angependa kulitumia? Na mti ulio nyuma ya nyumba yetu, tumewahi kuusogelea na kuutazama kabla ya kununua dawa?

Mlimau umechipua tena. Mzee wa bustani sasa huliacha tawi la chini bila kuambiwa.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu